Hedifoni Ikivuma, Sikiliza Kwanza Ndipo Ununue

Kazi yangu ni kuhamisha kanda za kale za taarabu kwenda kwenye kompyuta. Watu huniletea hapa Kibokoni, Mombasa, kanda walizorekodi wenyewe harusini, nami huketi na hedifoni usiku kucha nikiitafuta tashkota na udi chini ya kelele za ukumbini. Kwa kazi hii mvumo mdogo ni balaa, maana sijui kama umo kwenye kanda au umo mezani kwangu. Ndiyo maana nimejifunza kuiuliza kelele inatoka wapi kabla sijatoa pesa.

Anza hivi. Usipige wimbo wowote. Shusha sauti, vaa hedifoni, kisha pandisha pole pole na usikilize. Usifike mwisho wa kitufe, kwa sababu mlio wa ghafla ukiingia utaumia masikio.

Mvumo mzito wa "mmm" ni wa stima. Stima yetu ni volti 240, mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo mvumo huo huwa kwenye 50 au maradufu yake, 100. Mlio mwembamba kama wa mbu, unaobadilika ukisogeza mauzi au ukifungua programu nzito, unatoka tumboni mwa kompyuta na kupita kwenye waya wa USB. Ukisikia "ti-ti-ti, ti-ti-ti", hiyo ni simu yako iliyolala kando ya amplifaya, iondoe mezani. "Shhh" laini isiyobadilika mara nyingi ni ya amplifaya yenyewe, na husikika zaidi kwenye hedifoni ndogo za kutia ndani ya sikio. Kama amplifaya ina swichi ya kupunguza nguvu, iweke chini.

Sasa zungusha kitufe cha sauti. Kelele ikipanda na kushuka pamoja nacho, imeingia kabla ya kitufe: kwenye kompyuta, kwenye DAC (kifaa kinachogeuza tarakimu za kompyuta kuwa sauti) au kwenye waya. Isipobadilika, iko kwenye amplifaya au adapta yake. Kisha chomoa waya unaoleta sauti kutoka kwenye kompyuta. Kukiwa kimya, amplifaya haina kosa. Mwenye laptopu achomoe chaja pia atumie betri kwa dakika moja. Mvumo ukikatika papo hapo, njia yake ni chaja.

Mimi sikufuata utaratibu huu wakati wa kusi uliopita. Mvumo ulinianza, nikanunua adapta mpya, mvumo ukabaki palepale. Usiku mmoja nikaegemeza kidole kwenye bati la amplifaya, na mvumo ukapungua. Kidole nacho kikawa kinawashawasha, kama kinatembelewa na siafu. Hapo nilielewa kwamba vyombo vyangu havina athi, yaani waya wa kushusha umeme ardhini. Chaja nyingi za kisasa huvujisha umeme kidogo sana kupitia kapasita zilizomo ndani, na umeme huo unatakiwa ushuke ardhini. Usipopata njia, unakaa kwenye mabati na waya, nao husikika masikioni.

Asubuhi nilimwita fundi wa stima. Alizima swichi kuu, akafungua soketi ya ukutani. Waya wa kijani wenye mstari wa njano ulikuwepo, lakini ulikunjwa nyuma ya soketi bila kufungwa popote. Nyumba zetu za Mji wa Kale zimetiwa stima kidogo kidogo, chumba baada ya chumba, na kila fundi aliongeza alipoona panafaa. Alipoufunga waya na kuhakikisha kwamba athi ya nyumba inashika, siafu wakaondoka, na sehemu kubwa ya mvumo ikaondoka nao.

Ole wako ukate pini ya athi. Kuna wanaoshauri hivyo kwa sababu kweli mvumo mwingine hukatika. Lakini pini ile ndefu ya juu ndiyo inayokulinda siku waya wa moto utakapogusa bati. (Kwenye adapta nyingi ndogo pini ya juu ni ya plastiki tu, kazi yake ni kufungua vifuniko vya soketi, kwa hiyo usidhani adapta hiyo ina athi.)

Mvumo uliobaki ulitokana na kinyume chake: athi mbili. Kompyuta ilikuwa na yake, amplifaya na yake, kutoka soketi mbili tofauti, na waya wa sauti ukaziunganisha zikawa duara moja kubwa. Dawa ya kwanza haina gharama: chomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Kwangu ilitosha. Isipotosha, tumia waya wa mwanga kutoka kwenye kompyuta hadi DAC kama vyote vina tundu lake, kwa sababu ndani yake haupiti umeme kamwe.

Feni nayo ichunguze. Rigyuleta ya kitufe kinachozunguka bila hatua huikata stima vipande vipande na kutia mkwaruzo. Iweke feni kasi ya mwisho, au izime kidogo usikilize, ingawa najua joto la Machi halina huruma. Rigyuleta ya hatua yenye kapasita hunyamaza zaidi.

Kama kosa ni adapta kweli, soma maandishi yake kabla ya kununua nyingine. Volti ziwe zilezile. Ampea ziwe sawa au zaidi. Tazama kama amplifaya inataka DC au AC, maana zipo zinazotaka AC, na utazame mchoro unaoonyesha kama chanya iko katikati au nje. Ncha ya milimita 2.1 na ya 2.5 hufanana kwa macho, kwa hiyo nenda dukani na ile ya zamani.

Mikwaruzo inayokuja ukigusa jeki mara nyingi ni ya uchafu au kutu, na huku kwetu chumvi ya bahari huizidisha. Zima vyote, chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti ya isopropili, usugue jeki. Changu mara ya mwisho kilitoka na rangi ya kijani. Acha ikauke kabisa, kisha ichomeke na kuichomoa mara kumi hivi.

Siku hizi nikivaa hedifoni kabla ya kuweka kanda, hakuna kitu ila bahari ya mbali. Nikibonyeza kanda, mvumo wa 50 unaingia pamoja na udi. Huo ni wa ukumbi wa harusi ile, na huo ndio nauondoa kwa programu.