Umeachishwa kazi Marekani? Omba wakukate kodi tangu wiki ya kwanza

Mwaka nilioachishwa kazi ya ghalani nilipokea malipo ya kukosa kazi kwa miezi sita. Hela yote ikaisha: pango, bima ya gari, ada ya mdogo wangu aliyeko Moshi. Februari nikafungua fomu ya 1099-G, ile ambayo jimbo linaonyesha malipo uliyopata mwaka mzima, kisanduku cha kodi iliyokatwa kikasoma sifuri. Aprili nikadaiwa. Naandika haya ili yasikukute wewe.

Serikali kuu ya Marekani inayatoza malipo haya yote tangu 1987, kwa viwango vilevile vya mshahara. Kisichokatwa ni michango ya Social Security (pensheni) na Medicare (bima ya afya ya wazee). Ukisikia mtu anasema dola 10,200 za mwanzo zimesamehewa, huo ulikuwa msamaha wa mapato ya 2020, wakati wa korona. Haukurudi.

Wanaoumia zaidi ni wanandoa. Kwa mapato ya 2025, asiye na ndoa hatozwi kwenye dola 15,750 za kwanza. Mume na mke wanaojaza ritani pamoja, 31,500. Tuseme umelipwa dola 400 kwa wiki, wiki 26, yaani 10,400. Uko peke yako na mwaka huo hukuingiza kingine? Hudaiwi kitu na serikali kuu. Sasa mchukue mume aliyepata hizohizo 10,400, mkewe ni muuguzi msaidizi mwenye mshahara wa 52,000. Mshahara wa mke peke yake umeshamaliza zile 31,500 zisizotozwa, zikabaki 20,500 za kutozwa, kodi 2,050. Ongeza malipo ya mume, kodi inafika 3,231. Hela ya mume imeleta deni la dola 1,181, kabla ya unafuu wa watoto. Kwa hiyo kaeni mezani wawili mpige hesabu pamoja, hata kama aliyeachishwa ni mmoja. Mkiwa mmeachishwa wote, kila mmoja ana 1099-G yake, na zote zinaingia kwenye ritani hiyo moja.

Kinga yake ni fomu W-4V, ya kuomba kodi ikatwe kwenye malipo yenyewe, au swali linalofanana nayo unapojaza maombi ya malipo jimboni kwako. Ukikubali, wanakata asilimia 10. Yule mume angekatwa 1,040, wakabaki kutafuta dola 141 tu. Unaweza pia kulipa mwenyewe kwa awamu, Aprili 15, Juni 15, Septemba 15 na Januari 15, lakini nani ataihifadhi hela hiyo huku simu za nyumbani zinaita? Afadhali ikatwe kabla hujaiona.

Majimbo yana sheria zao. California, Pennsylvania, New Jersey na Virginia hayatozi malipo haya. Texas na Washington hayana kodi ya mshahara kabisa. Minnesota, walikojaa ndugu zetu, linatoza.

Mliozoea kupata EITC, unafuu wa kodi wa wafanyakazi wa kipato cha chini, jueni kwamba malipo haya hayahesabiwi kuwa kipato cha kazi, kwa hiyo unafuu wenu unaweza kupungua.

Mwisho wa Januari ingia kwenye akaunti yako ya jimbo utafute 1099-G, maana si kila jimbo linaituma kwa posta, na IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, wana nakala yao. Ukikuta imeandikwa hela ambayo hukuipokea, kuna mtu ametumia jina lako: toa taarifa jimboni, omba fomu iliyosahihishwa, na kwenye ritani andika kile tu ulichopokea kweli.