Kuhamisha duka kutoka daftari hadi programu bila kugombana na wafanyakazi

Duka la vipuri lenye wafanyakazi ishirini hivi, ghala Shimanzi na kaunta Mwembe Tayari, Mombasa, likiamua kuacha daftari na kutumia programu ya stoo, shughuli ya kompyuta inaweza kuisha kwa wiki. Shughuli ya watu ipe miezi mitatu. Wenye maduka wengi hupanga kinyume: pesa yote kwa skana na programu, kisha mkutano mmoja wa nusu saa kwa watu. Mwezi wa pili karani bado ana daftari chini ya meza.

Kabla ya kutangaza lolote, chukua karatasi. Andika jina la kila atakayeguswa, na mbele yake andika atakachopoteza. Faida wacha kwanza, hizo utazisema hata usipoulizwa. Karani wa stoo aliyekaa kazini miaka kumi na tano anapoteza heshima, maana ni yeye tu anayejua kila kitu kiko rafu gani, na hupigiwa simu hata Jumapili. Hamali anayelipwa kwa mzigo anapoteza dakika mbili kila akisimama kuskani katoni, na dakika hizo ni pesa yake. Kijana wa kaunta aliyezoea kuongeza chake juu ya bei anapoteza hicho chake.

Sasa kaa na kila mmoja peke yake, dakika ishirini, kabla ya mkutano wa wote. Usiulize "unaonaje?" Utajibiwa "ni sawa tu, bosi," na hutajua kitu. Uliza: "Mzee, siku ya kwanza hapa kitakwama nini?" Mtu akiulizwa hivyo hujibu kama fundi, na pingamizi lake linatoka likiwa na maelezo. Kimya baada ya tangazo kisikufurahishe. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Baadhi ya hasara hizo zina dawa. Hamali mwongezee malipo ya mzigo kwa muda wa majaribio, au kazi ya kuskani mpe mtu mwingine kabisa. Kijana wa kaunta hana cha kufidiwa: mwambie faraghani kwamba punguzo sasa lina kikomo ndani ya programu, na usimfanye mwalimu wa wenzake. Karani ndiye wa kushughulikia zaidi, na njia ya kumpata ni kumkabidhi orodha ya majina ya vipuri.

Majina haya ndiyo yanayoua miradi mingi. Chukua beringi 6203, tundu milimita 17, kipenyo cha nje 40, unene 12. Kaunta nzima inaiita "sita mbili sifuri tatu", basi. Lakini rafuni zimo za 2RS, zenye mpira pande mbili, na za ZZ, zenye kifuniko cha bati. Karani huzitenganisha kwa jicho. Aliyeingiza data hajui, akaziweka zote chini ya namba moja. Fundi akitaka ya mpira, programu inasema zipo kumi na mbili, rafuni ziko tatu, na lawama inamwangukia karani. Kuanzia hapo hataiamini tena, na ana haki. Kwa hiyo, kabla ya data kuingizwa, karani akae na mwingizaji apitie kila rafu: namba kamili, jina la mtaani, mahali pake. Jina la mtaani nalo liwe na nafasi yake kwenye programu, ili anayetafuta "shoka" (yaani shock absorber) au "bushi" apate.

Sheria usiipitie mbali. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inataka mfanyakazi ashauriwe na kujulishwa kwa maandishi masharti ya mkataba wake yanapobadilika. Kazi ikifutwa, mhusika na afisa wa kazi wapewe notisi ya angalau mwezi mmoja, chama cha wafanyakazi pia kama yeye ni mwanachama, na kiinua mgongo kisipungue mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi. Kama hakuna atakayeachishwa, sema wazi. Kama hujaamua, usiahidi.

Mafunzo yawe ya watu wanne wanne, dakika 45, siku tatu. Usiyaweke saa moja asubuhi: wanaovuka Likoni watachelewa siku kivuko kikisuasua, waaibike mbele ya wenzao, na mtu aliyeaibika hajifunzi. Epuka adhuhuri ya Ijumaa na siku za mwisho wa mwezi. Anayefundisha awe mtu wa kaunta hiyo hiyo, si kijana wa kompyuta anayeongea kasi.

Anza na rafu za kundi moja tu, kwa mfano beringi. Daftari na programu viende pamoja wiki mbili, zisizidi. Zikizidi, watu wanafanya kazi mara mbili na wataichukia ile mpya. Tarehe ya kufunga daftari iandikwe ukutani tangu siku ya kwanza. Kila jioni hesabuni vitu thelathini, na upungufu wa wiki hizo asikatwe mtu mshahara. Ukikata mmoja, wengine wataanza kuficha makosa. Stima ikipotea, kuwe na pedi ya karatasi zenye namba, na ziingizwe kabla ya kufunga duka.

Daftari likionekana tena chini ya meza baada ya tarehe hiyo, usilinyang'anye. Lisome. Mara nyingi utakuta humo mambo ambayo programu haina, hasa vipuri alivyochukua fundi kwenda kujaribu, arudishe kama havikuingia. Havijauzwa, na havimo rafuni. Programu haijui iviweke wapi. Fungua stoo ya pili ndani yake, iite "Kwa fundi", na kila kinachotoka kwa majaribio kihamishiwe huko hadi kirudi au kilipwe. Daftari hilo likikaa wiki mbili bila mstari mpya, ndipo uongeze kundi la pili la rafu.