Zabibu moja, vikombe vitatu: fundisha fumbo la milango mitatu kwa mikono

Nafundisha hisabati hapa Dodoma. Zamani fumbo hili nililifundisha kwa maneno na ubao tu, na kila mara tuliishia kubishana.

Fumbo ni hili: milango mitatu, nyuma ya mmoja kuna gari, nyuma ya miwili kuna mbuzi. Unachagua mmoja. Mwendeshaji wa mchezo, anayejua gari lilipo, anafungua mwingine wenye mbuzi, kisha anakuuliza: unabaki au unahama? Karibu kila mtu husema ni nusu kwa nusu. Sivyo. Ukihama unashinda mara mbili katika kila tatu. (Hapa kwetu Ugogoni mbuzi ni mali, mwanafunzi haoni amepoteza nini. Ndiyo maana natumia zabibu.)

Hatua ya 1. Tafuta vikombe vitatu visivyoonyesha ndani, zabibu moja, dadu na daftari. Kama si msimu, punje ya karanga inatosha. Viandike A, B na C.

Hatua ya 2. Rusha dadu mchezaji asione: 1 au 2, ficha A, 3 au 4, B, 5 au 6, C. Usifiche kwa kujichagulia, maana mkono una mazoea na mchezaji atayagundua.

Hatua ya 3. Mchezaji aguse kikombe. Katika viwili vilivyobaki, funua kimoja unachojua ni kitupu. Fumbo zima limo katika hilo neno "unajua". Ukifunua kwa kubahatisha na kikatokea kitupu, hapo kweli inakuwa nusu kwa nusu.

Hatua ya 4. Chezeni mara 30 akibaki, kisha 30 akihama, mkiandika kila matokeo. Kubaki kutakaribia ushindi 10, kuhama 20. Msiishie mara kumi, bahati inaweza kuwapotosha.

Anayekataa hata baada ya hapo, usimdharau. Mtakwimu Steve Selvin alilitoa fumbo hili mwaka 1975. Marilyn vos Savant, mwandishi wa safu ya jarida Marekani, alipotoa jibu sahihi mwaka 1990, alipokea maelfu ya barua za kumpinga, nyingine za wenye shahada za uzamivu. Paul Erdős, gwiji wa hisabati, hakuridhika mpaka alipoonyeshwa majaribio ya kompyuta.

Hatua ya 5. Badilishaneni viti. Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote. Yeye afiche, wewe uguse, na kila mzunguko muulize: "Ulikuwa na hiari ya kufunua kipi?" Ukigusa chenye zabibu, anaweza kufunua chochote kati ya viwili. Ukigusa kitupu, hana hiari: lazima aache chenye zabibu na kufunua kile kingine. Na kitupu utakigusa mara mbili katika kila tatu. Mwanafunzi wangu mmoja alisimama na kikombe mkononi: "Mwalimu, kumbe mimi ndiye ninayekuonyesha ilipo!"

Hatua ya 6. Akisita bado, weka vikombe kumi. Aguse kimoja, wewe funua vinane vitupu, kisha mwulize kama anabaki.