Kabla hujaweka samaki wa maji chumvi nyumbani Tanga, soma kwanza

Watu wanaoniuliza habari za akwariamu ya maji chumvi swali lao la kwanza ni nianze na samaki gani, na jibu langu huwa moja, samaki ndo kitu cha mwisho kabisa kununua, ukishapanga tangi lako hesabu wiki 4 mpaka 6 maji yanazunguka tu humo ndani bila samaki hata mmoja. Nasema kwa uchungu kwa sababu tangi langu la kwanza pale Chumbageni niliweka samaki siku ya tatu, maji yalikuwa yanang'aa kabisa, siku ya nane sikuwa na samaki. Yale maji yalikuwa safi kwa macho tu.

Kinachotokea ni hivi. Uchafu wa samaki na chakula kinachobaki vinageuka amonia, na amonia ni sumu inayomuunguza samaki matamvua, yale anayopumulia. Baharini mawe na mchanga vimejaa bakteria, kundi moja linaigeuza amonia kuwa nitriti ambayo nayo ni sumu, kundi jingine linaigeuza nitriti kuwa nitrati ambayo samaki anaivumilia kiasi mpaka ubadilishe maji. Tangi jipya hao bakteria bado hawajajaa na wanazaliana taratibu mno. Mimi siku hizi nanunua kamba mmoja mbichi pale soko la samaki la Deep Sea, namfunga kwenye kipande cha soksi ya nailoni namning'iniza ndani ya tangi aoze, hapo amonia inapanda na bakteria wanapata chakula. Waambie wa nyumbani mapema mana harufu itakuwepo siku kadhaa. Kila baada ya siku mbili pima uandike kwenye daftari, utaona amonia inapanda halafu inashuka, nitriti inapanda nayo inashuka, mwisho zote mbili zinasoma sifuri na nitrati inaanza kuonekana, hapo ndo tangi limeiva. Bila vipimo vya amonia, nitriti na nitrati unakisia tu, kwa hiyo hela ya vipimo itoke kabla ya hela ya taa na mapambo, na ukiagiza kutoka Dar muulize muuzaji tarehe ya kuisha muda kabla hujatuma hela.

Maji sasa. Sisi tuna bahari mlangoni lakini sio kila maji ya bahari yanafaa. Ndani ya ghuba karibu na bandari usichote, wala karibu na mdomo wa mto, na msimu wa masika ndo kabisa, maji ya mvua yanashuka na tope na yanapunguza chumvi. Mimi nampa mvuvi madumu ya lita 20 ananichotea huko nje anakovulia, na dumu liwe halijawahi kubeba mafuta wala sabuni, ukifika nyumbani chuja kwa kitambaa safi halafu pima chumvi kwa haidromita, kile kipimo cha uzito wa maji ukilinganisha na maji matupu, inatakiwa isome kama 1.025, yaani karibu gramu 35 kwa kila kilo moja ya maji. Kama uko mbali na pwani kuna chumvi maalumu ya akwariamu ya kuchanganya mwenyewe, ila chumvi ya mezani hapana, ile ni kloridi ya sodiamu na madini joto basi, bahari ina kalsiamu, magnesiamu na vingine vingi.

Halafu hili wengi wanakosea. Maji yakipungua kwa jua la Tanga, kinachopaa ni maji matupu, chumvi inabaki. Tangi la lita 200 likipungua lita 10 chumvi yako imeshatoka 35 imefika karibu 37, sasa wewe ukijazia maji ya bahari unazidi kuipandisha. Kujazia ni kwa maji yasiyo na chumvi wala klorini, kidogo kidogo kila siku, weka alama kwenye kioo kwa makapeni ujue maji yanatakiwa kuishia wapi.

Tangi lenyewe usianze na dogo ukidhani ndo rahisi, maji machache yanabadilika haraka na kosa dogo linaua, lita 200 ni pazuri, ila jua kwamba hizo ni kilo 200 za maji peke yake bado kioo na mawe, kwa hiyo meza ya sebuleni haifai, tengeneza stendi imara na upime kwa pimamaji kabla ya kujaza. Ukitengenezewa tangi na fundi kioo wa mtaani mwambie silikoni isiwe ile yenye dawa ya kuzuia ukungu.

Joto letu nalo. Hita wengi hatuihitaji, shida yetu ni kupoza, miezi ya kaskazi chumba kinafika 30 na zaidi wakati tangi unalitaka kwenye 25 mpaka 27, na maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji inashusha digrii moja mbili. Umeme ukikatika pampu inasimama na samaki wanaanza kukosa hewa, nunua pampu ya hewa ya betri uijaribu mapema, usisubiri usiku wa kwanza wa giza.

Na dawa ya mbu, jamani. Dawa nyingi za kupuliza ni sumu kali kwa samaki na kwa jamii ya kamba na kaa, na pampu ya hewa inaivuta inaipeleka moja kwa moja majini. Chumba chenye tangi tumieni chandarua.

Mawe ya kuweka ndani ya tangi, msivunje matumbawe hai. Hifadhi ya bahari ya silikanti, yule samaki wa kale, iliyotangazwa 2009 imeshika pwani yetu mpaka kule Kigombe, humo huchukui kitu bila kibali, na hata nje yake tumbawe linakua kwa miaka mingi sana, inaniuma kuona mtu kalivunja akapambe nyumba. Mawe makavu ya matumbawe, yale ya kujengea nyumba za zamani, yakisuguliwa na kulowekwa siku kadhaa yanatosha, bakteria wataingia wenyewe.

Sasa samaki. Kitatange ni mzuri mno lakini wengi katika jamii yake wanakula matumbawe hai, kwako atakufa njaa huku chakula kinaelea mbele yake, na kangaja anataka sehemu kubwa ya kuogelea. Anza na samaki klauni wawili, wanavumilia na wanakula vizuri. Wakae kwanza wiki 4 kwenye beseni la peke yao lenye pampu, uangalie kama hawatoki vidoa vyeupe kama chembe za chumvi, ule ugonjwa ukiingia tangi kubwa kuutoa ni miezi. Siku ya kuwahamisha waongezee maji ya tangi kidogo kidogo kwa saa nzima, zima taa, usiwalishe mpaka kesho yake, na samaki mwingine yeyote asubiri wiki mbili tatu mpaka amonia isome sifuri tena.