Godoro kwanza, maikrofoni baadaye

Ukiona video za studio za nyumbani za wanamuziki matajiri, zile zenye meza ya kuchanganyia sauti ndefu kama kitanda, usiuze kiwanja. Mwanamuziki Prince alifungua studio yake ya Paisley Park kule Minnesota, Marekani, mwaka 1987, akatumia mamilioni ya dola, na kweli alifanya kazi humo. Lakini Januari 1982 mwimbaji wa roki Bruce Springsteen alikaa chumbani nyumbani kwake New Jersey na rekoda ya kaseti ya TEAC yenye njia 4 za sauti na maikrofoni 2 za Shure SM57. Alikusudia demo tu, yaani rekodi ya majaribio. Bendi yake ikajaribu kuzirudia nyimbo hizo studio, ule uzito ukapotea, na kaseti ile ndiyo ikawa albamu ya Nebraska.

Kinachoharibu rekodi nyingi za nyumbani ni chumba. Kuta tupu za saruji na sakafu ya vigae hurudisha mwangwi, na mwangwi ukishaingia kwenye sauti ya mwimbaji ni shida kubwa kuutoa. Simamisha godoro nyuma ya mwimbaji (ndiyo, nyuma yake, kwa sababu huko ndiko maikrofoni inakotazama), tundika mablanketi pembeni, tandika zulia. Zima feni na friji. Chini ya bati, mvua ikianza, subiri ikatike. Mdomo uwe shibiri moja kutoka kwenye maikrofoni.

Kabla ya kurekodi, piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio unabaki hewani, ongeza blanketi.