Mazoezi mepesi kwa mtoto mwenye ukurutu: tunavyofanya Lubumbashi wakati wa kiangazi

Mtoto wa shemeji yangu ana miaka 6. Viwiko na nyuma ya magoti vimepasuka kwa huo ukurutu (egzema), na shuleni walimtoa kwenye michezo eti jasho litamuua. Mazoezi hayaponyi ukurutu, ila analala vizuri na hakai tena pembeni akijikuna.

Hatua ya 1. Tazama ngozi. Ikitoa maji au usaha, ikiwa na magamba ya njano, au mtoto akiwa na homa, acha mazoezi, mpeleke kwa daktari.

Hatua ya 2. Saa na nguo. Juni asubuhi hapa ni baridi kavu, alasiri ni vumbi jekundu la barabara. Sisi tunaanza saa nne, barazani, si katikati ya lupango (ua wa nyumba). Nguo pana ya pamba. Jezi ya nailoni siitaki kabisa. Mkeka mtupu unakwaruza magoti, kwa hiyo tandika kikwembe (kitenge) kilichochakaa, kile laini.

Hatua ya 3. Dakika 15: kunyoosha mikono, kutambaa kama paka, kutembea taratibu. Akianza kuwa mwekundu, maji ya kunywa na kivuli.

Hatua ya 4. Mafuta na jasho. Hapa ndipo nilipoharibu wiki nzima. Nilimpaka vazelini nzito, kisha moja kwa moja mazoezini. Joto likabaki chini ya mafuta, jasho likakosa pa kutokea, dakika ya tano akalia: "Tantine (shangazi), inachoma!" Alijikuna hadi damu. Sasa kabla ya mazoezi nampaka kidogo sana, saa nzima mapema. Ile nzito inasubiri baada ya kuoga.

Kuoga nako kuna mitego. Jasho likikauka, chumvi yake inawasha, basi usichelewe. Lakini mama yake, kwa huruma ya baridi, alikuwa anamimina maji ya moto mno kutoka kwenye mbabula (jiko la makaa). Mtoto anayapenda, muwasho unatulia palepale, usiku unarudi mara mbili. Pima kwa kiwiko: vuguvugu tu, dakika 5 hadi 10. Wavu wa kuogea utundike mbali, tumia kiganja. Sabuni isiyo na manukato, kwenye makwapa, sehemu za siri na miguu basi. Usisugue kwa taulo, gusagusa, na ngozi ikiwa bado na unyevu paka vazelini, dakika 3 zisipite.

Kama daktari ameandika krimu ya kotizoni (dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi), ipake pale palipovimba kama alivyoelekeza, ila usiipake pamoja na vazelini; subiri kidogo kati yake. Pomadi za kung'arisha ngozi za sokoni usizijaribu hata mara moja. Nyingine zina klobetasoli, kotizoni kali mno kwa ngozi ya mtoto.

Hatua ya 5. Kata kucha. Kila Jumapili jioni.