Kubadilishana Benzi na BMW kwa nyongeza: namna ya kuamua kabla hujatoa hela

Mwenye Mercedes E-Class ya umbo la W211 anaitamani BMW 525i ya umbo la E60, mwenye BMW naye anaitaka Benzi, na dalali aliye katikati ana neno moja tu: ongeza kidogo mbadilishane. Magari hayo mawili ndiyo yanayoingia sana karakanani kwangu hapa Dar es Salaam, kwa hiyo nitayatumia kama mfano. Kama lako ni C-Class au X5, njia ni ileile ila magonjwa ni mengine.

Hatua ya 1: Jua unachokikimbia

Andika kwenye karatasi kwa nini umelichoka gari lako. Ikiwa ni ubovu, upate bei yake kwanza. Wengi huuza W211 yenye shokapu za upepo kwa sababu asubuhi wanalikuta limelala upande mmoja. Mara nyingi ni shokapu moja inayovuja. Ukiichelewesha, kompresa inajaza upepo bila kupumzika mpaka nayo inakufa, na hapo bili inakuwa mbili. Mtu anaongeza mamilioni kukimbia kitu ambacho fundi angekimaliza kwa siku moja. Nenda Ilala na Gerezani, uliza spea mpya na ya mtumba, jumlisha ufundi, andika.

Kama sababu ni familia kuongezeka au mafuta, hiyo haitengenezeki kwa spana. Endelea.

Hatua ya 2: Kila gari lipate bei yake ya taslimu

Usikubali kuzungumzia nyongeza kabla ya hili. Uliza wanunuzi wawili watatu wangekupa ngapi leo, hela mkononi, halafu uliza hivyohivyo kuhusu gari lile lingine. Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo nyongeza ya haki.

Hatua ya 3: Tafuta ugonjwa wa injini, usitazame umbo

E60 ni umbo tu. 525i za mwanzo zina injini ya M54, na kuanzia 2005 ikaja N52. N52 ni injini nzuri, naipenda, lakini wota pampu yake, inayozungusha maji ya kupoza injini, inaendeshwa kwa umeme na inaweza kufa ghafla. Muulize mwenye gari imebadilishwa lini pamoja na themostati, na akuonyeshe risiti. Kama gari limepita kilomita 100,000 na hakuna anayejua, hesabu kwamba pampu unainunua wewe. Gari likichemsha hata mara moja, silinda hedi iko hatarini. Kitu kingine: bloku yake ina magnesi, na boliti zake nyingi za alumini hutumika mara moja tu. Fundi anayezirudisha za zamani anakuachia matatizo.

Upande wa Benzi, E350 ina injini ya M272. Za mwanzo zina gia ya balansi shafti (mhimili unaopunguza mtikisiko wa injini) inayolika mapema, na kuibadilisha ni mpaka injini ishuke. Soma namba ya injini: ikiwa ni ya 272 yenye 30 kabla ya tarakimu sita za mwisho, na tarakimu hizo hazizidi 468993, iko kwenye kundi linaloshukiwa. Mashine ya kupimia ya Mercedes ikionyesha makosa 1200 na 1208 kwa pamoja, achana nalo au shusha bei kwa gharama yote ya kazi hiyo.

Halafu breki. W211 za kabla ya maboresho ya 2006 zina breki za SBC, zinazotegemea pampu ya umeme. Fungua mlango wa dereva kukiwa kimya utaisikia ikinguruma. Pampu hiyo inahesabu kila unapokanyaga breki, na hesabu ikifika kikomo inawasha onyo. Na fundi yeyote asiguse brekipedi kabla ya kuizima kwa mashine, maana inaweza kujiamsha yenyewe ikambana vidole.

Hatua ya 4: Likague likiwa baridi

Mwambie mwenye gari asiliwashe kabla hujafika, ukifika gusa boneti. Ukiikuta ina moto, panga siku nyingine. Geuza ufunguo bila kuwasha: taa ya injini lazima iwake, kisha izime injini ikishashika. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu kaificha.

Pima kwa kompyuta, lakini usiridhike kwa sababu hakuna makosa. Angalia kama majaribio ambayo kompyuta ya gari hujifanyia yenyewe yamekamilika. Yakiwa hayajakamilika, huenda makosa yamefutwa karibuni, au betri ilitolewa. Liendeshe siku chache, kisha mpime tena. Asiyekubali hilo amekujibu.

Endesha angalau nusu saa, ukiwamo muda wa kusimama kwenye foleni ya barabara ya Mandela na AC ikiwa imewashwa. Nusa: harufu ya oili inayoungua ikiingia kupitia AC kwenye N52, mara nyingi ni gasketi ya juu ya injini. Sikiliza giaboksi inavyobadili gia taratibu. Ukiambiwa oili ya giaboksi haibadilishwi maisha yote, fahamu kwamba ZF, watengenezaji wa giaboksi nyingi za BMW, wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000.

Hatua ya 5: Piga hesabu kamili

Tuseme lako lina thamani ya milioni 14 na lile milioni 18, lakini unaombwa nyongeza ya milioni 7. Hapo milioni 3 zimeshapotea. Weka matengenezo ya mwaka wa kwanza, yaani oili zote, matairi, breki na ule ugonjwa wa hatua ya 3, tuseme milioni 4. Jumla unapoteza milioni 7, bado hujagusa gharama za kuhamisha umiliki. Kulitengeneza lako ni milioni 3 na nusu. Kwa hesabu hiyo mimi ningetengeneza. Nyongeza ikishuka hadi milioni 4 na pampu ikawa mpya, hesabu zinakaribiana sana, na hapo mapenzi yako yana haki ya kuamua.

Hatua ya 6: Karatasi

Linganisha namba ya chesisi ya kwenye gari na ya kwenye kadi ya usajili. Dai kadi halisi, maana gari lenye mkopo kadi yake huwa benki. Angalia faini za trafiki kwa namba ya gari. Mkataba uwe wa maandishi kwa magari yote mawili, na umiliki ubadilishwe TRA kwa yote mawili kwa wakati mmoja. Nyongeza ipite benki, na usiitoe yote mpaka kadi isomeke jina lako.